Ralph Emery, sauti ya usiku ya Nashville: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Taja Skeeter Davis mbele ya Mkenya aliyekulia na redio nyumbani, na huenda akakuimbia wimbo mzima wa mwisho wa dunia bila kukosea beti. Taja Ralph Emery, aliyekuwa mumewe, na utaulizwa: huyo ndiye nani? Ukurasa huu ni wa kujibu swali hilo na mengine yanayofuatana nalo.

Kwa ufupi, Ralph Emery alikuwa nani?

Mtangazaji wa muziki wa kantri, Mmarekani wa Tennessee. Alizaliwa tarehe 10 Machi 1933 katika mji mdogo wa McEwen, magharibi ya Nashville, akafariki tarehe 15 Januari 2022 akiwa na miaka 88. Alishika zamu ya usiku wa manane ya redio WSM kuanzia 1957 hadi 1972, akahamia televisheni, na kati ya 1983 na 1993 akaendesha Nashville Now, kipindi cha jioni cha mazungumzo na muziki kilichorushwa Marekani nzima kwa kebo. Kwa zaidi ya miaka thelathini, mwanamuziki wa kantri aliyetaka kujulikana alipita mbele ya maikrofoni yake, apende asipende.

Mbona huku kwetu hajulikani, na wasanii wake tunawajua?

Kwa sababu santuri husafiri na mtangazaji habebeki. Jim Reeves, Dolly Parton, Kenny Rogers, Don Williams: hao walitufikia kwa santuri, kisha kanda, kisha kupitia Sauti ya Kenya na baadaye KBC, wakitambulishwa na watangazaji wetu wenyewe. Mtu aliyewatambulisha kule kwao alibaki kwao.

Na mapenzi haya ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey, akirekodi muziki katika nchi ya Wakipsigis, aliwakuta wasichana wakimwimba mtu waliyemwita Chemirocha, nusu mtu nusu paa. Chemirocha alikuwa Jimmie Rodgers, baba wa kantri, waliyemsikia kwenye gramafoni. Rodgers alifariki mwaka 1933, mwaka uleule Emery alipozaliwa. Kwa hiyo anayesema kantri ni muziki wa wazungu uliotufikia juzi kupitia baa za Nairobi, mwambie aulize wazee wa Kericho.

Alilelewa katika mazingira gani?

Magumu. Baba yake alikuwa mlevi, ndoa ya wazazi haikudumu, na sehemu ya utoto wake aliipitisha shambani kwa babu na bibi. Alikuwa mtoto mwenye haya. Redio ndiyo iliyomkalia mahali pa jamaa. Mwenyewe alilisema hilo mara nyingi alipokuwa mtu mzima.

Alipofika Nashville alipanga bidhaa kwenye rafu za duka kubwa na kuonyesha watu viti katika jumba la sinema, ili apate karo ya chuo cha utangazaji. Mwalimu wake huko alikuwa John Richbourg, aliyejulikana hewani kama John R. Huyu ni kisa kivyake: mzungu aliyecheza bluzi na nyimbo za watu weusi usiku kucha kwenye redio WLAC, kwa sauti iliyowafanya wasikilizaji wengi waamini ni mweusi mwenzao. Basi fikiria Nashville ya miaka ile: kwenye masafa haya mwalimu anapiga bluzi usiku, na baada ya miaka michache mwanafunzi wake anapiga kantri kwenye masafa mengine, usiku huohuo. Sijui mtu anawezaje kuandika historia ya muziki wa mji ule bila hao wawili.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa katika stesheni ndogo ya WTPR, mji wa Paris, Tennessee. Akahama stesheni kadhaa kabla ya WSM kumchukua.

Kwa nini zamu ya usiku? Si ndiyo zamu ya wanaoanza?

Kwenye stesheni nyingi, ndiyo. Kwa WSM mambo yalikuwa kinyume, na sababu ni ya kifizikia.

WSM ilianza Oktoba 1925, ikimilikiwa na kampuni ya bima ya National Life; herufi zake tatu zinatokana na kaulimbiu ya kampuni hiyo ya kuwakinga mamilioni. Mwaka 1932 ilipata kilowati 50 na mnara mrefu mno wenye umbo la almasi, nje kidogo ya Nashville, ambao bado umesimama. Inatangaza kwenye masafa ya kati, kilohezi 650. Mchana, tabaka la chini la anga lenye chaji hunyonya mawimbi ya masafa hayo, kwa hiyo sauti haifiki mbali sana. Jua likizama tabaka hilo hufifia. Mawimbi hupanda hadi tabaka la juu zaidi, yanarudishwa ardhini mamia ya kilomita kutoka yalikotoka. Wazee wetu waliokuwa wakiipata Redio Tanzania usiku wakiwa mbali kabisa na Dar es Salaam wanaijua hali hiyo bila kufundishwa. Marekani ikaongeza jambo moja: baadhi ya masafa yalitengewa stesheni moja kubwa usiku, zisije zikagongana. 650 ilikuwa mojawapo.

Kwa hiyo mtangazaji wa mchana wa WSM alisikika Tennessee na majirani. Wa usiku wa manane alisikika sehemu kubwa ya Marekani. Na ni nani yuko macho saa hizo? Madereva wa malori ya masafa marefu, wauguzi, askari wa zamu, wafanyakazi wa viwandani, mama mwenye mtoto mchanga, na wanamuziki wanaorudi kutoka maonyesho wakiwa ndani ya basi. Emery alipewa kiti ambacho wengine walikiona ni cha adhabu, kumbe ndicho kirefu kuliko vyote.

Kipindi chenyewe kilikuwaje?

Mlango wazi. Hilo ndilo jibu la kweli. Studio za WSM zilikuwa katikati ya mji, si mbali na ukumbi wa Ryman ambako Grand Ole Opry, onyesho la kantri la WSM yenyewe, lilifanyika. Mwanamuziki aliyemaliza kuimba na bado hana usingizi alijua kuna taa inawaka mahali. Alipanda, akaingia, akakaa. Hakuna meneja, hakuna orodha ya maswali iliyotumwa mapema, hakuna aliyetazama saa.

Marty Robbins ndiye aliyezoea zaidi. Alitokea bila taarifa, akaketi kwenye piano na kuimba chochote wasikilizaji walichoomba: nyimbo za wachunga ng'ombe, za mpakani na Meksiko, za Hawaii, za mapenzi, hata zisizo zake. Tex Ritter, mwigizaji wa filamu za wachunga ng'ombe mwenye sauti nzito kama gogo linaloburutwa, kwa muda katika miaka ya 1960 alikuwa mtangazaji mwenza kabisa wa kipindi hicho. Hebu jiulize ni stesheni gani leo ingemweka nyota wa filamu hewani saa nane usiku, wapige soga.

Siri ya mahojiano yake ilikuwa nini?

Alinyamaza. Tazama rekodi zozote za Nashville Now zilizo kwenye intaneti: swali lake ni fupi, mara nyingi la kawaida tu (mama yako alikuwa anapika nini, basi lenu liliharibikia wapi), kisha anamwangalia mgeni na hasemi kitu. Mgeni anatoa jibu lake la siku zote, lile alilolizoea. Emery bado anamwangalia. Hapo ndipo jibu la pili linapotoka, na la pili ndilo lenye kisa.

Nina ugomvi wangu na watangazaji wengi wa vipindi vya kantri vya Jumapili huku kwetu. Gita la chuma linaingia, wao wanasoma salamu juu yake. Mwimbaji anakaribia ubeti wa mwisho, wao wanatangaza nambari ya simu. Mgeni akija studio anaulizwa maswali matatu kwa mkupuo na kujibiwa kabla hajafungua kinywa. Emery hakuwa na sauti ya ajabu, na kwa utani alikuwa wa kadiri tu. Kilichomtofautisha ni kwamba miaka kumi na mitano ya usiku ilimfundisha kuwa muda upo.

Alipenda kantri ya aina gani?

Ya wimbo wenye kisa na mwimbaji anayesikika kila neno. Watu wake walikuwa kina Robbins, Ritter na Faron Young, kizazi kilichotoka kwenye umaskini wa miaka ya 1930. Mfano mzuri ni ule wimbo wa El Paso wa Robbins wa mwaka 1959, kisa cha mchunga ng'ombe aliyeua kwa wivu akarudi kufa mikononi mwa mpenziwe. Una zaidi ya dakika nne, wakati ambapo santuri za kawaida hazikufika tatu, na kampuni ilitoa pia toleo lililofupishwa kwa hofu kwamba redio zingelikataa lile refu. Lililoshinda ni refu. Wimbo wa namna ile unamhitaji mtangazaji asiye na haraka.

Hakuwa mshupavu wa mtindo mmoja, hata hivyo. Alipiga nyimbo laini zenye vinanda ambazo Chet Atkins na wenzake walizitengeneza Nashville ili kantri isimezwe na rock and roll, na alipiga za gita kali la baa pia. Mpaka wake ulikuwa mahali pengine, kama ulivyoonekana mwaka 1968.

Kisa cha The Byrds ni kipi?

Hapa ndipo sifa zake zinapopata doa, na sioni sababu ya kulifunika.

The Byrds walikuwa bendi ya rock kutoka California. Mwaka 1968, wakiwa na kijana Gram Parsons, walikuja Nashville kurekodi albamu ya kantri, Sweetheart of the Rodeo. Mwezi Machi walipanda jukwaa la Opry, nywele ndefu na zote, na baadhi ya waliohudhuria wakawazomea. Parsons akaongeza chumvi kwenye kidonda: badala ya wimbo uliotangazwa wa Merle Haggard, aliimba wake mwenyewe, akisema ni wa bibi yake. Wenyeji walikasirika.

Walipoingia kipindi cha Emery, aliwapokea kwa ubaridi. Hakutaka kupiga santuri yao, na maongezi yakawa ya kukunjiana uso. Mlango uliokuwa wazi kwa kila mtu ukawa nusu umefungwa. Parsons na mwenzake wa bendi Roger McGuinn wakalipa kisasi kwa njia wanayoijua wanamuziki: walimtungia wimbo wa kejeli, wakimchora kama mhafidhina mwenye chuki, ukatoka mwaka 1969. Mwaka huohuo mwimbaji Joan Baez aliufikisha jukwaa la tamasha la Woodstock, ila yeye aliuelekeza kwa Ronald Reagan, aliyekuwa gavana wa California.

Wimbo ulimtia chumvi nyingi. Lakini kosa la msingi lilikuwepo. Vijana wale walikuwa wanaipenda kantri kwa dhati, na albamu waliyoirekodi leo inahesabiwa kuwa chimbuko la tawi zima la muziki. Mtu aliyeweza kumsubiri mgeni mpaka jibu la pili, safari hii hakusubiri hata la kwanza.

Na ndoa yake na Skeeter Davis?

Walioana mwaka 1960 na kuachana 1964. Katikati ya ndoa hiyo ndipo Skeeter, jina lake la kuzaliwa Mary Frances Penick wa Kentucky, alipotoa wimbo ule wa mwisho wa dunia, ambao mwaka 1963 ulifika nafasi ya pili kwenye chati za kantri na ya pili kwenye chati za pop pia. Nyumba yenye nyota anayezunguka nchi na mume anayefanya kazi usiku kucha haikukalika. Emery alisimulia upande wake katika kitabu chake cha maisha, Memories, mwaka 1991. Skeeter akatoa chake mwaka 1993, na simulizi zao hazikupatana. Vyote viwili ni vichungu. Msomaji mwenye busara asome vyote au aache vyote.

Baadaye Emery alimwoa Joy, na huyo walikaa pamoja hadi mwisho.

Ni kweli alitumia dawa?

Kweli, na alilisema mwenyewe katika Memories. Katika miaka ya 1960 vidonge vya kufukuza usingizi vilikuwa vimezagaa Nashville: madereva wa malori walivimeza, wanamuziki wa mabasi walivimeza, na mtangazaji wa usiku naye akanasa. Kwa mtoto wa mlevi, hili lilikuwa jambo zito kuliandika.

Aliwahi kuimba?

Mara moja ya maana. Mwaka 1961 Faron Young alivuma kwa wimbo wa Willie Nelson unaomhusu mtu aliyeachwa na mpenzi hadi anasalimia kuta za nyumba. Emery akarekodi majibu ya kuta: kuta zinamwita yule bwana mjinga. Ulifika nafasi ya nne kwenye chati za kantri, na umaarufu wake wa uimbaji ukaishia hapo. Uungwana wake ni kwamba hakulazimisha.

Mtangazaji kama yeye alikuwa na nguvu gani hasa kwa msanii?

Kubwa kuliko tunavyoweza kuiona leo. Mwaka 1960 Loretta Lynn, mama wa watoto wanne wakati huo, alitoa santuri yake ya kwanza na kampuni ndogo isiyokuwa na mtu wa kuitangaza. Yeye na mumewe waliingia kwenye gari wakaendesha kutoka stesheni moja hadi nyingine, wakiwaomba watangazaji uso kwa uso waipige. Wimbo ulifika nafasi ya 14. Ukikataliwa mlangoni, ndio basi. Hakukuwa na simu ya kujirekodia wala mtandao wa kujipakia.

Na stesheni zenyewe zilikuwa chache: mwaka 1961 chama cha wanakantri, CMA, kilihesabu 81 tu Marekani nzima zilizopiga kantri muda wote. Katika hali hiyo, stesheni ya kilowati 50 inayosikika kutoka jimbo hadi jimbo usiku haikuwa mlango mmoja kati ya mingi.

Weusi walikuwa na nafasi katika muziki huu?

Walikuwapo tangu mwanzo, wakasukumwa pembeni. DeFord Bailey, mpiga kinanda cha mdomo, alikuwa miongoni mwa nyota wa kwanza wa onyesho la WSM katika miaka ya 1920. Akafukuzwa mwaka 1941 na kuishia kung'arisha viatu Nashville. Jina lake liliingia Jumba la Heshima la kantri mwaka 2005, yeye akiwa amekwisha kufa miaka zaidi ya ishirini. Charley Pride wa Mississippi alipoanza mwaka 1966, kampuni yake ilisambaza santuri redioni bila picha, na watangazaji wengi walizipiga bila kujua rangi yake. Walipojua, wasikilizaji walikuwa wamekwisha kumpenda. Mwaka 1971 CMA ilimtunuku kuwa mtumbuizaji bora wa mwaka.

Alivyohamia televisheni, alibadilika?

Alihamisha sebule tu. Kipindi chake cha asubuhi huko Nashville kilianza 1972 na kikaendelea hadi 1991: bendi ya moja kwa moja, habari za hali ya hewa, na wanamuziki wachanga walioamka alfajiri kwa kukosa chaguo. Lorrie Morgan alipita hapo akiwa bado binti. Vilevile mama mmoja na bintiye kutoka Kentucky waliokuwa wakija kuimba mapema miaka ya 1980. Emery hakuyashika majina yao. Alichokumbuka ni kwamba mama alitengeneza sabuni nyumbani, akawa anawaita Dada wa Sabuni. Walikuwa Naomi na Wynonna Judd, kabla dunia haijawajua.

Kwenye Nashville Now alikuwa na mwenza wa ajabu, kikaragosi chenye ndevu nyekundu kiitwacho Shotgun Red. Mimi binafsi kingenitosha dakika tano, lakini Wamarekani walikipenda.

Alipata tuzo zipi?

Kubwa ni Jumba la Heshima la muziki wa kantri, mwaka 2007. La taifa la redio likafuata 2010.

Nianzie wapi nikitaka kuionja hali ile?

Rekodi nyingi za usiku za miaka ya 1960 zilipotea kama zilivyopotea za kwetu, kwa hiyo anza na za televisheni: tafuta mahojiano ya Nashville Now na wazee, si na nyota wa siku ile. Kisha sikiliza WSM yenyewe. Bado iko kwenye 650, na unaweza kuipata kwa intaneti ukiwa Mombasa, Goma au Muscat. Opry ya Jumamosi huanza kama saa moja jioni kwa saa za Nashville, ambayo Afrika Mashariki ni saa tisa usiku wa kuamkia Jumapili, au saa kumi alfajiri wakati wao wamerudisha saa nyuma kwa majira ya baridi. Usiku wa manane wa Nashville, zamu ya Emery, kwetu ni saa mbili au saa tatu asubuhi. Chai iko mezani, huhitaji kukesha.